Daftari la Kilomita

Nimerudi na vidole viwili visivyohisi,
cha mwisho na jirani yake, mkono wa kushoto.
Usukani uliviazima siku tisa, haujavirudisha.
Kwa hiyo noti anazihesabu Mbonea,
mimi nashika daftari, nasoma majina.

Hapa Moshi watu waliahidi kwa kilomita:
wa shilingi mia, wa hamsini, wa kumi,
na yule bwana wa duka la mabati
aliyetamka elfu moja, kwa sauti, mbele za watu,
siku tuliyopigiwa makofi pale mnara wa saa.

Leo amevaa miwani.
"Moshi mpaka Tanga tiketi ya basi inasema
mia tatu hamsini na tano.
Hizi nyingine umezitoa wapi?"
Namwambia Tanga hatukukoma.
Tulikata kusini, tukavuka Pangani kwa pantoni,
hadi Mkwaja, ambako mchanga
hulimeza gurudumu mpaka kwenye ekseli,
ukashuka, ukasukuma, bahari kushoto kwako
ikipumua kama mtu asiyekudai chochote.

"Ulisukuma?"
Nilisukuma.
"Basi hizo si za baiskeli."
Akachukua kalamu, akakata kumi na tisa.
Kisha akaliona pengo, Hedaru kwenda Mkomazi:
sumaku ya kwenye spoku ilidondoka njiani,
mita ikalala, ikaandika sifuri,
na upepo ukitupiga makofi
yasiyokuwa yale ya mnara wa saa.
Thelathini na moja, nazo akakata.
"Mali bila daftari," akasema, hakumalizia.

Sikubishana. Nililala Mombo, uwanja wa shule,
ndani ya hema nililolishona mwenyewe
kwa turubai la lori na uzi wa viatu,
na mvua iliingia pale pale
nilipouharakisha mshono.
Aliyeloweshwa na mkono wake
hujifunza kunyamaza kidogo.

Tukashuka Mbuyuni.
Kisamo wa mkokoteni, aliyeahidi shilingi kumi,
alikuwa anateremsha ndizi za Kibosho.
Nikamsomea hesabu pamoja na mikato yake, nisimfiche.
Akajifuta uso kwa fulana.
"Kwa hiyo mimi, tangu alfajiri, sijaenda popote?"
Akacheka mpaka akakalia mkungu.
"Dada Aikande, kusukuma ndiyo kilomita yenyewe.
Kuendesha ni kupumzika."
Akalipa zote, na za mchanga, na za pengo,
mia nne tisini na sita mara kumi,
sarafu kwa sarafu, kwenye kiganja changu
kilichokufa ganzi upande mmoja.
Mbili zikadondoka. Akaziokota yeye.
Ikazidi arobaini; akasema hiyo ni ya maji.

Viti-mwendo tulitaka vitano, vya shule ya Pasua.
Hesabu ya jioni inasema vitatu na gurudumu moja.
Mwalimu Ndeshi ametuma ujumbe:
mlango wa darasa umeshapanuliwa,
saruji bado mbichi, msije na haraka.
Sijui nimjibu nini kuhusu wale wawili.
Nimeandika "asante," nimefuta,
nimeandika tena.

Mbonea amechuchumaa uani, ulimi nje,
anafunga sumaku mpya kwenye spoku.
Kesho kabla ya jua, thelathini na moja:
Himo na kupita kidogo,
halafu tumpelekee bwana wa mabati mita
aisome mwenyewe, na miwani yake.
Za mchanga sitazirudia.
Hizo zilikwenda.

Hema nimelianika kwenye kamba ya nguo.
Mlima leo umejifunika, hautaki salamu.
Nalipiga turubai kwa fimbo,
na mchanga wa Mkwaja unamwagika,
mweupe juu ya udongo wetu mwekundu.
Kuku wa Mama Nakundwa wanakuja mbio,
wanadonoa, wanatikisa vichwa,
wanadonoa tena.